Kando ya mbabula: Msichana wa kadi za posta

 Leteni viti, moto ungali unawaka.

Mwezi huu nitawaelezea habari za mwanamke mmoja wa Uingereza, mwimbaji na mchezaji wa teatri. Jina lake la kazi lilikuwa Gabrielle Ray. Mtu aliyeishi London mwaka wa 1907 hakuuliza huyu ni nani. Sura yake ilikuwa katika madirisha ya maduka na katika albamu za nyumba nyingi. Nyuma ya miaka karibu thelathini, mwanamke yule yule aliingizwa katika lopitalo ya wagonjwa wa akili, na hakutoka tena. Njo habari tutakayoongea leo.

KAZI TANGU BUTOTO

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1883 kule Cheadle, karibu na Manchester. Jina la wazazi lilikuwa Gabrielle Elizabeth Clifford Cook. Mwaka wa 1893, akiwa na miaka 10 tu, alikwisha kupanda jukwaani London mbele ya watu.

Miaka ile hapakuwa redio wala televizio nyumbani, na sinema ilikuwa ikianza bila sauti. Watu walipotaka nyimbo na kicheko, walienda teatri. Wakati wa mfalme Edward VII, aliyetawala kutoka 1901 hadi 1910, mkubwa wa kazi hii London alikuwa George Edwardes. Yeye aliongoza teatri mbili zenye sifa, Gaiety na Daly's. Michezo yake ilijaa nyimbo, mavazi ya bei kali na wasichana wazuri.

Katika kazi hii kulikuwa wachezaji wa kwanza, na wengine wa kungojea nyuma. Wa kwanza akigonjwa, wa nyuma anaingia. Gabrielle Ray alipita njia hiyo. Kwa mchezo The Orchid wa mwaka wa 1903, alipewa kujifunza nafasi ya Gertie Millar, vedeti wa Gaiety: kila neno, kila wimbo na kila hatua, bila kujua siku gani ataitwa. Vijana wanaosema kwamba sifa inaanguka toka juu kama mvua, wasikie hapo.

Kisha tarehe 8 Juni 1907, pale Daly's, wakaanza The Merry Widow, mchezo wenye muziki wa Franz Lehár. Nafasi kubwa ilikuwa ya Lily Elsie. Gabrielle Ray alikuwa na nafasi ndogo, lakini watu walingojea saa yake. Wanaume waliinua meza juu, naye akacheza pale pale juu ya meza, akitupa miguu hewani na kusimama kwa mikono. Mchezo huo ulirudiwa mara 778, miaka miwili na zaidi. Baba anayetumika poste anajua maana yake: siku unapochoka, kazi haikuulizi.

NAMNA KADI ZILIVYOTEMBEA

Sasa sura yake ilifikaje kila mahali? Kwa posta. Tangu 1894, posta ya Uingereza ilikubali watu watume kadi zenye picha. Mwaka wa 1902 ikakubali tena kwamba barua na anwani viandikwe upande mmoja, na upande wa pili wote ubakie kwa picha. Tembre ilikuwa nusu peni tu. Basi wapiga picha na watengeneza kadi waliona feza. Kila mchezo mpya ulileta picha mpya, na kila picha ikauzwa kwa maelfu ya watu wasioweza kufika London hata siku moja.

Watu walipenda sana wasichana wa teatri, na Gabrielle Ray alikuwa mmoja wa wanawake waliopigwa picha nyingi kabisa katika inchi yake. Mwenye kununua alilipa kidogo, akapata mtu asiyegonjwa, asiyezeeka na asiyelia. Lakini mwenye sura yeye aligonjwa, akazeeka, akalia.

NJE YA PICHA

Mwaka wa 1912 alikubali kuolewa na tajiri mmoja, Eric Loder. Siku iliyotangazwa watu walikusanyika, lakini bibi arusi hakufika. Ndoa ilifungwa siku iliyofuata. Akaacha teatri. Mwaka wa 1914 ndoa ile ikavunjwa.

Mwaka wa 1915 akarudi kazini Daly's katika mchezo Betty, na mwaka wa 1916 alicheza katika Flying Colours. Kisha nafasi zikapunguka. Huzuni nzito ikamushika, na pombe ikafuata. Mwaka wa 1936 akili yake ikashindwa kabisa, akapelekwa Holloway Sanatorium, kule Virginia Water, magharibi ya London.

Lopitalo ile ilijengwa kwa feza za Thomas Holloway, aliyepata utajiri kwa kuuza vidonge na mafuta ya kupakaa, na kwa kuvitangaza kila mahali. Aliyekuja kuifungua mwaka wa 1885 ni mwana wa malkia, yule atakayeitwa nyuma Edward VII. Siku ile Gabrielle alikuwa mtoto wa miaka miwili. Alipoingia mule alikuwa na miaka 53. Alikufa tarehe 21 Mei 1973, mwenye miaka 90. Hesabuni wenyewe: miaka ya sifa kubwa karibu kumi, miaka ya lopitalo 37.

TUSIKIMBILIE KUHUKUMU

Najua wengine watasema: "Unaona? Teatri njo ilimuharibisha." Polepole. Gertie Millar, yule ambaye Gabrielle alijifunza nafasi yake, alitumika kazi ile ile na kwa mkubwa yule yule. Nyuma aliolewa na mkubwa wa ukoo wa Dudley mwaka wa 1924, akaishi mpaka 1952 bila kupata mambo hayo. Kazi moja, maisha mbalimbali.

Huzuni nzito ni ugonjwa. Si uvivu, si kiburi, wala si kulogwa. Inaweza kukamata mama wa nyumbani, mwanafunzi, hata baba mwenye mshahara mzuri. Alama zake zinaonekana: mtu hapati usingizi, hana hamu ya chakula, anakimbia wenzake, anasema hana faida tena. Pombe inajidai kuwa dawa, kumbe inaongeza mzigo. Gabrielle alipoingia lopitalo, waganga hawakuwa bado na dawa za ugonjwa huo. Zilianza kupatikana miaka ya 1950. Leo ziko, na kuongea na mtu anayesikiliza vizuri kunasaidia pia. Tusingojee mpaka mlango wa mwisho.

Hata leo kadi zake zinauzwa kwa wale wanaokusanya vitu vya zamani. Nilionyesha moja kwa binti wa jirani. Msichana mwenye nywele zilizosukwa vizuri, anatabasamu.

Akaniuliza: "Mama, kumbe foto inadanganyaka?"

Nikamujibu: "Hapana, mwanangu. Inasema tu kitu kimoja: siku ile alivaa muzuri. Kama alilala usingizi, foto haijui. Ni wewe unapashwa kuuliza."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi nitapita kwa rafiki yangu moja. Siku hizi anachekaka tu, lakini hakuna anayejua kama anakula."

Sikuongeza neno. Nilimupa kanga afunike kichwa, kulikuwa na baridi, akaenda.

MUZUNGUMZE NYUMBANI
1. Kwetu nani anasifiwa kila siku, lakini hakuna anayemuuliza hali yake?
2. Mtu akikataa chakula na kujifungia ndani, tunamuchekelea, tunamugombeza, ao tunakaa naye?
3. Wazazi, mutoto wenu akisema "nimechoka na maisha," mutamujibu namna gani?

Tuonane mwezi ujao, kando ya mbabula.