Mzee Anaposahau Njia ya Nyumbani
Nimekuwa nikitafakari, katika siku hizi za baridi kali hapa kwenye uwanda wa Ufipa, hali ya ajuza atokaye alfajiri kwenda shamba lililokwisha kuuzwa zamani, akakutwa adhuhuri amesimama katika njia ya Laela, hajui aelekee wapi. Na khofu yangu kubwa si kupotea kwake, bali ni tafsiri watakayoitoa majirani, kwani katika Sumbawanga hii, ambayo jina lake wenyeji hulifasiri kuwa ni “tupa uchawi”, mtu mzima atembeaye usiku akizungumza na marehemu huitwa mchawi kabla hajaitwa mgonjwa, ilhali tabibu Alois Alzheimer alikwisha kuyaeleza maradhi ya ubongo yapotezayo kumbukumbu tangu mwaka 1906. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliifanya familia kuwa mlezi wa kwanza, na makazi ya wazee, kama Nunge kule Kigamboni au Bukumbi mkoani Mwanza, kuwa kimbilio la mwisho; nami naukubali mwelekeo huo, lakini kwa sharti kwamba binti asiachiwe peke yake mzigo huo, akeshe mlangoni usiku kucha na kulima mchana, huku kaka zake walioko mbali wakitosheka kutuma salamu. Na alazimikaye kumpeleka mzazi wake makazini asihukumiwe. Ila na aulize, kabla hajaagana naye, ni nani atakayelala karibu naye, na je, yuko japo mtu mmoja afahamuye Kifipa, maana akili ipunguapo, lugha ya utotoni aghalabu ndiyo ibakiayo.