Picha za parseli ziko kwenye simu, lakini nani atazisemea mbele ya hakimu?

Kolwezi, karibu kila familia iliyohamishwa kwa sababu ya mgodi ina picha. Picha ya ukuta uliopasuka, ya msalaba mwekundu uliopakwa mlangoni, ya buldoza kwenye njia, ya karatasi ya fidia ambayo baba alisaini bila kupewa nakala. Picha hizo zimezunguka kutoka simu hadi simu, zimefika kwa ndugu Likasi na Lubumbashi, nyingine zimefika hata Ubelgiji. Mahali ambapo ni shida kufika ni mezani kwa hakimu. Na hata zikifika, avoka wa upande wa pili anasimama na kuuliza mambo matatu: nani aliipiga, siku gani, na wapi? Hapo familia inanyamaza.

Maswali hayo si ujanja wa avoka. Ni maswali ya haki, kwa sababu picha inaweza kutengenezwa, na tarehe ya simu inaweza kuwa ya uongo baada ya betri kufa. Wapo watu ambao kazi yao ni kuyajibu: wataalamu wanaochunguza simu, kompyuta na picha za satelaiti, kisha wanakuja mahakamani kueleza kwa lugha ya kawaida walichokikuta. Tatizo la Lualaba ni kwamba upande wenye fedha ndio unaoweza kumlipa mtaalamu huyo. Kampuni ina watu wa ramani, wa drone na wa kompyuta. Familia ina simu yenye kioo kilichovunjika.

Mukumbi inaonyesha kazi hiyo inaweza kusaidia nini. Kijiji hicho kilikuwa ndani ya eneo la Mutoshi, linaloshikiliwa na kampuni ya Chemaf. Tarehe 7 Novemba 2016 kilichomwa moto. Wakaaji walisema waliofanya hivyo ni askari wa Garde Républicaine. Chemaf ilikana kuhusika. Kama jambo lingebaki hapo, lingekuwa neno la wanakijiji dhidi ya neno la kampuni, na kila mtu Kolwezi anajua neno la nani lina uzito. Lakini Amnesty International na shirika la hapa hapa Kolwezi, IBGDH, walipotoa ripoti yao mwezi wa 9 mwaka 2023, hawakutegemea ushuhuda wa mdomo peke yake. Walitafuta picha za satelaiti za kabla ya siku ile na za baada yake. Kabla, kulingana na ripoti hiyo, palikuwa na majengo kama 400, pamoja na shule, kituo cha afya na kanisa. Baadaye hayakuwapo.

Mwaka 2019, baada ya watu kuandamana, kampuni ilikubali kutoa dola milioni 1.5 kupitia viongozi wa serikali. Tangu moto hadi ripoti ilipita karibu miaka saba. Satelaiti ilikuwa imekwisha kupiga picha zake zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuzitafuta na kuzisoma kwa niaba ya watu wa Mukumbi.

Satelaiti nayo isichukuliwe kama nabii. Picha za bure za satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya zinaona vizuri eneo lililoungua au pori lililofyekwa, lakini nukta yake moja ni mita 10 kwa mita 10. Nyumba ya matofali ya familia moja inaweza kumezwa yote ndani ya nukta hiyo. Picha zinazoonyesha paa moja moja zinauzwa na kampuni, ingawa nyingine za miaka iliyopita zinaonekana bila malipo kwenye Google Earth. Hizo ndizo zingekata ubishi mmoja unaorudi katika kila uhamisho: je, nyumba hii ilikuwapo kabla ya siku ya kuandikisha, au ilijengwa usiku ili kudai fidia? Na tusidanganyane, wapo wanaojenga usiku. Mtaalamu wa kweli atamuumbua huyo pia, na ni vizuri iwe hivyo, maana udanganyifu wa wachache ndio unaotumiwa kuwanyima wengi.

Turudi kwenye simu. Picha inapopigwa, simu inaandika ndani ya faili yake siku, saa na aina ya simu, na mahali pia ikiwa GPS imewashwa. Mtu akiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maandishi hayo yanaondolewa na picha yenyewe inapunguzwa. Anayeipokea anabaki na sura tu. Ikitumwa kama dokima, faili inafika nzima. Kwa hiyo ile picha ambayo mtaa mzima unayo inaweza kuwa haina nguvu, na yenye nguvu ni ile moja iliyobaki kwenye simu ya aliyeipiga. Simu hiyo ndiyo inayouzwa kwa ajili ya minervale ya mtoto, au inapelekwa kwa fundi anayefuta kila kitu ili iende haraka. Mtaalamu akiipata kabla ya hapo, hafanyi kazi kwenye simu yenyewe. Anatoa nakala kamili, anachunguza nakala, na anaandika nani alishika simu hiyo na siku gani. Tena anakokotoa namba ndefu kutoka kwenye faili: ukigusa picha hata kidogo, namba inageuka yote. Hakimu haitaji kuwa fundi ili aelewe hilo.

Wanaosema mambo hayo ni ya Wazungu waulize Bukavu. Mwezi wa 9 mwaka 2018, mahakama ya kijeshi huko iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje, Kivu ya Kusini, ya mwaka 2012. Kati ya vielelezo zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness, inayoandika yenyewe mahali na saa na kuifunga picha ili isibadilishwe njiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa picha za programu hiyo kutumika katika kesi yoyote. Yaani dunia nzima ilitanguliwa na mahakama ya Kongo. Kama iliwezekana kwa kesi ya vita, inawezekana kwa parseli.

Lakini picha za watu ni nusu ya ushahidi. Nusu nyingine iko kwenye kompyuta za kampuni: orodha ya waliohesabiwa, picha za drone, hesabu ya fidia, na ni nani aliyebadilisha jina la nani, siku gani. Kuhusu hilo, Kenya ina somo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu Zaidi ya Nairobi iliamuru tume ya uchaguzi ifungue mitambo yake ikaguliwe. Tume haikutii amri hiyo kikamilifu, na mahakama ikaihesabia jambo hilo vibaya; tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. Mwaka 2022 ikawa kinyume: ukaguzi uliosimamiwa na mahakama ulionyesha kwamba baadhi ya kumbukumbu za mtambo zilizoletwa na walalamikaji zilikuwa za kughushi. Katika kesi zote mbili, uchunguzi ulikuwa chini ya mahakama, haukuwa wa upande mmoja. Tribinali ya Kolwezi ikifuata njia hiyo, kampuni inayokataa kufungua orodha yake ichukuliwe kuwa orodha hiyo inaisema vibaya.

Sheria ya Kongo haizuii. Kanuni ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayapa maandishi ya elektroniki nguvu sawa na ya karatasi, mradi aliyeyatoa ajulikane na yawe yametunzwa bila kuchezewa. Hakimu naye ana uwezo wa kuteua mtaalamu. Kinachofunga mlango ni malipo, kwa kuwa anayeomba mtaalamu huambiwa kwanza aweke fedha. Familia iliyopokea fidia isiyotosha kununua parseli nyingine itaweka nini?

Hoja ya kwamba fedha hakuna haiingii akilini katika jimbo hili. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaliachia jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 inakwenda kwa komini na sekta zenye mgodi. Kipande kidogo sana cha hapo, kikiwekwa mikononi mwa mahakama na si mikononi mwa mwanasiasa, kingelipa wataalamu wawili au watatu wa kudumu Kolwezi. Baraza la maavoka lina ofisi ya ushauri wa bure kwa maskini. Mtaalamu angeongezwa hapo hapo, karibu na avoka. Na chuo kikuu kiko hapa mjini, na vijana wanaojua kompyuta wapo.

Jambo hili haliwezi kungoja sana. Katika Cité Gécamines, mtaa ambao ripoti ile ya 2023 ilihesabu wakaaji wapatao 39,000, watu wamekuwa wakiondoka kwa mafungu kwa ajili ya mgodi wa COMMUS, na walioondoka wametawanyika. Kila anayehama anaondoka na simu yake. Mwenye picha ya nyumba yake asiifute na asiuze simu kabla ya kutoa nakala ya faili yenyewe kwenye kadi au kompyuta ya mtu anayemwamini, tena mbele ya shahidi. Aandike kwenye karatasi nani aliipiga, siku na mahali, na wote wawili wasaini. Karatasi hiyo haigharimu chochote, na avoka atauliza hayo hayo.