Nguvu ya Kuvuta Si Nguvu ya Kusimama



Matajiri hufunga tela zito la kulala wageni nyuma ya pikapu, kisha humwambia dereva: "Nenda Kisumu, injini ina silinda sita." Silinda sita zitapandisha Mau, je, nani atalizuia tela kwenye mteremko wa Kericho kwenda Ahero? Sisi wa reli twajua: mpira wa breki ukikatika, mabehewa yote hushikwa papo hapo. Tela lisilo na breki humsukuma dereva kaburini. Hatukusahau Londiani, 30 Juni 2023: lori liliacha njia, likaua watu zaidi ya 50.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yakataza mfanya kazi kurudishwa penye hatari kubwa. Dereva, kataa! Chama, simama naye!