JINA LIMETOKA ACCRA, KARATASI ZIKO LONDON



Ukifika zahanati ukamwona mtoto wa miaka miwili amevimba miguu, ngozi inambanduka, nywele zimegeuka wekundu, tena amenuna hataki kuguswa hata na mamaye, mganga atakwambia: huyu ana kwashiakoo. Wengi wetu twadhani jina hilo ni la Kizungu. Ni neno la Kiga, lugha ya wenyeji wa Accra katika nchi ya Ghana, na maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondoshwa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Wazee wetu wa pwani nao wana neno lao, kubemenda, wakimlaumu mzazi asiyengoja mtoto amalize ziwa. Sababu waliyoitaja ni nyingine, lakini macho yao yaliona jambo lile lile.

Aliyelitia neno la Waga katika vitabu vya waganga ni Bibi Daktari Cicely Williams. Alizaliwa Jamaica mwaka 1893, akasoma Oxford, na mwaka 1929 serikali ya kikoloni ikampeleka Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Huko alitibu watoto katika hospitali ya Princess Marie Louise mjini Accra. Alifundisha wauguzi waende majumbani, akataka watoto waletwe wapimwe wangali wazima, akaanzisha kadi za wagonjwa ili kila mtoto awe na habari zake zilizoandikwa. Na alipoona ugonjwa asioujua, aliwauliza akina mama wa Kiga wanauitaje.

Haya, tulifikiri jambo hilo. Mganga wa Serikali, mwenye shahada ya Oxford, anamwuliza mama asiyejua kusoma! Mwaka 1933 akatoa maandishi akieleza ugonjwa huo na uji wa mahindi matupu wanaopewa watoto walioachishwa ziwa, na mwaka 1935, katika gazeti la waganga liitwalo Lancet, akautaja kwa jina lake la Kiga. Mabwana wakubwa wa udaktari wa nchi za joto hawakukubali. Walisema hiyo ni pelagra tu, ugonjwa wa zamani, hakuna jipya. Ilichukua miaka mingi mpaka wakubali, na mwaka 1952 Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula yakatoa taarifa nzima juu ya ugonjwa huo katika Afrika, yakiuita kwa jina lile lile walilolitoa akina mama wa Accra.

Wapo ndugu watakaoninong'oneza: ya nini kumsifu mtumishi wa wakoloni katika gazeti la chama? Nawajibu kwamba hatumpimi mtu kwa mshahara alioupokea tu. Mwaka 1936 alihamishiwa Malesia na Singapore, zilizotawaliwa na Mwingereza. Huko aliwaona wanawake wanashawishiwa waache kunyonyesha, wanunue maziwa ya kopo yenye sukari. Mwaka 1939 alisimama mbele ya waheshimiwa wa Rotary mjini Singapore akatoa hotuba aliyoiita Maziwa na Mauaji. Wangapi kati yetu, wenye kadi za chama mfukoni, tungethubutu kusema hivyo mbele ya matajiri wa mji? Wajapani walipoiteka nchi alifungwa Changi. Mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka 1992.

Sasa nafika kwenye neno langu. Karatasi zake zimehifadhiwa London, katika maktaba ya Wellcome. Zimepangwa, zina namba, mwanafunzi akizitaka huletewa mezani. Sina ugomvi na waliozitunza. Wangezitupa tungelia zaidi. Lakini mtoto wa Accra anayetaka kujua bibi yake aliugua nini katika miaka ile inambidi aanze safari kwa kuomba viza. Naona ni haki nakala za karatasi zihusuzo Gold Coast ziwekwe Accra, wazi kwa kila msomaji, tena bila kulipishwa.

Ila tusinyoshe kidole London tu. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilinunua karanga njiani, na karatasi iliyofungiwa ilikuwa kadi ya kliniki ya mtoto: jina, kijiji, uzito wa kila mwezi, mstari unashuka, kisha basi. Nilimwuliza mwuzaji ameipata wapi. Akasema zahanati moja ilikuwa inafagia stoo, naye akapewa gunia zima. Sikuzila zile karanga. Yule mtoto alipona? Mstari ule ulishuka mwaka wa njaa, au mama alikuwa na mimba nyingine? Hakuna atakayejua, na hakuna Mwingereza aliyefagia stoo ile.

Katika mkutano wa tawi letu nimeomba tuchange fedha za kabati moja lenye kufuli, liwekwe zahanati, la kadi na madaftari ya zamani. Mzee mmoja aliuliza kama si afadhali zinunuliwe dawa. Swali lake ni zuri, nasi tulibishana mpaka magharibi. Mwuguzi wetu, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akasema mchwa wameshafika rafu ya pili.