Isimila si Mahali pa Kuokota Mawe

Wanafunzi wa Njombe na Makambako wanaozuru Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa mjini, hukimbilia kwanza nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji. Si ajabu, zinapendeza mno. Lakini zana za mawe zilizotambuliwa hapo mwaka 1951 zina umri wa zaidi ya miaka 200,000, na anayetia moja mfukoni iwe ukumbusho huiba ushahidi. Shoka lililoondolewa mahali lilipolala halimwelezi tena mtaalamu lilitoka tabaka lipi, wala lilikuwa pamoja na nini. Afadhali mwalimu agawe rula na daftari: jiwe lipimwe, lichorwe, liachwe palepale. Nguzo zaweza kungoja hadi alasiri.