Tia Sahihi Kabla ya Kuuza

Mpiga picha anayeuza kazi yake London bila kuitia sahihi anajinyima haki na fedha. Wapo wenzetu kutoka Afrika Mashariki wanaodhani kuandika jina kwenye picha ni kujitukuza. Sheria za Uingereza zinasema vingine.

Tuanze na Sheria ya Hakimiliki ya 1988. Inampa mpiga picha haki ya kutajwa kazi yake inapoonyeshwa hadharani, lakini haki hiyo sharti aidai mwenyewe. Njia mojawapo ya kuidai ni kuhakikisha kwamba, picha inapomtoka mikononi, jina lake lipo kwenye picha yenyewe au kwenye fremu. Akishafanya hivyo, kila atakayeipata baadaye anafungwa na dai hilo, hata kama jina limefutika.

Kisha kuna kodi. Picha inayotoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda kuuzwa London hutozwa VAT ya asilimia 20 inapoingia nchini. Lakini ikiwa imesafishwa na mpiga picha au chini ya usimamizi wake, ina sahihi na namba, na nakala zake za ukubwa wote hazizidi 30, inahesabiwa kuwa kazi ya sanaa na hutozwa asilimia 5. Kwa picha ya pauni 1,000, hiyo ni pauni 50 badala ya 200.

Idadi ndogo ya nakala ina faida nyingine. Tangu 2006, Uingereza imewapa wasanii wa nchi zinazohusika fungu la bei kazi yao inapouzwa tena mnadani au na wafanyabiashara wa sanaa, mradi bei ifikie kiwango kilichowekwa. Picha zimo, ila ziwe za nakala chache zilizotolewa na mpiga picha au kwa idhini yake. Kenya nayo iliingiza haki ya aina hiyo katika sheria yake mwaka 2019.

Zaidi ya fedha kuna kumbukumbu. Studio ya Gomes ya Zanzibar ilichapa jina lake kwenye kadi zake za posta, na ndiyo maana wakusanyaji wanaitambua kazi yake hadi leo. Picha ngapi za pwani yetu zimo kwenye hifadhi za Ulaya na chini yake pameandikwa kwamba mpiga picha hajulikani? Shirika la Autograph lilianzishwa Brixton mwaka 1988 ili wapiga picha weusi wajulikane na kazi zao zionekane. Jina likiachwa nje ya picha, juhudi hiyo inapungukiwa.

Anayehofia kuharibu picha aandike kwenye ukingo mweupe au nyuma. Karatasi ya pamba inapokea penseli vizuri. Karatasi yenye utando wa plastiki inahitaji kalamu ya wino usiofifia, na wino uachwe ukauke kabla ya kupanga picha moja juu ya nyingine. Asikandamize, maana alama itatokea upande wa mbele.

Namba nayo ni ahadi. Aliyeandika 3/10 amemwahidi mnunuzi kwamba hakutakuwa na ya kumi na moja, na kuiongeza kimyakimya baada ya bei kupanda ni wizi. Kwa hiyo iwepo orodha ya kila nakala: namba, ukubwa, tarehe, mnunuzi. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mnunuzi aelezwe tangu mwanzo kwamba ananunua karatasi ile moja. Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha mpaka atakapoihamisha kwa maandishi yenye sahihi yake.

Warithi wasiige sahihi ya marehemu. Wapige muhuri wao, waandike nani alisafisha nakala hiyo na lini.

Tunawataka wenye majumba ya sanaa, na wenzetu wanaoandaa maonyesho ya jumuiya, walifanye hili kuwa sharti: picha ya mpiga picha aliye hai isiyo na sahihi na namba isitundikwe kwa ajili ya kuuzwa. Na mpiga picha asisubiri sharti hilo. Atie sahihi kila nakala kabla haijatoka mikononi mwake.