Chaki ya Haidroliki Haikamui Alizeti

Kuna neno linalorudiwa karakanani kana kwamba ni sheria: mashine ya kukereza ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, isiyo na chaki ya haidroliki (kibanio cha kazi kinachoendeshwa kwa mafuta) ni nusu mashine. Neno hilo linawatia mafundi wa Singida kwenye madeni yasiyo na sababu. Kazi ya chuma mkoani humu inaletwa kwa wingi na alizeti. Mbegu huingia kwenye mashine ya kukamulia na mchanga wake, parafujo inalika, shafti inalegea, mwenye mashine anakimbilia kwa mkerezaji. Parafujo moja iliyojazwa kwa kuchomelewa inaweza kukaa kwenye mashine saa nzima ikikerezwa, na kuibana kwa ufunguo wa mkono ni dakika moja tu. Pampu ya haidroliki inayonunuliwa ili kuokoa dakika hiyo itajilipa lini?

Kinachopaswa kuhesabiwa ni vipande. Aliyepata oda ya bushi 300, kila moja ikikatwa kwa dakika moja, akitumia nusu dakika kufunga na kufungua kila bushi atakuwa amepoteza saa mbili na nusu. Huyo kweli anahitaji chaki inayojibana yenyewe, ila hata yeye halazimiki kununua haidroliki. Nguvu ambayo silinda ya chaki huvutia taya ni shinikizo mara eneo la pistoni yake. Pistoni ya kipenyo cha milimita 200 ikisukumwa na hewa ya bar 6 huvuta karibu tani 1.9, sawa na pistoni ya milimita 90 inayosukumwa na mafuta ya bar 30. Silinda ya hewa ni kubwa zaidi, basi, na hewa yenyewe inatoka kwenye kompresa ambayo karakana nyingi tayari zinayo kwa kupulizia rangi. Kwa bushi za chuma cha mviringo, koleti ya hewa ni bora zaidi: inakumbatia chuma pande zote na haiachi alama za taya.

Watetezi wa haidroliki wanasema umeme ukikatika hewa itaachia kazi. Kwani pampu ya mafuta inaendeshwa na nini? Kinacholinda kazi katika mifumo yote miwili ni valvu ya kuzuia kurudi iliyofungwa kwenye silinda, pamoja na swichi ya shinikizo inayosimamisha mashine nguvu ikipungua. Hivyo viwili ndivyo visivyofaa kubaniwa hata shilingi. Wengine wanadai mteja akiona ufunguo wa mkono atadharau karakana. Hoja hiyo ni ya aibu. Mteja anataka shafti iingie kwenye beringi bila kucheza, na alizeti yake ikamuliwe kabla msimu haujaisha. Nchi hii iliyojenga kiwanda cha mashine za karakana pale Moshi, na yenye SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, tangu 1973, haina udhuru wa kuwaacha vijana wachague vifaa kwa kuangalia picha za katalogi.

Mafundi wa Singida, kabla hamjasaini mkopo, fungueni daftari la oda za mwaka uliopita. Hesabuni ni kazi ngapi zilifika vipande 50 vinavyofanana. Kama ni mbili au tatu, nunueni taya nzuri za chaki ya mkono na fedha inayobaki iwe ya visu.